Ross: Tabibu aliyeikabili malaria kwa hesabu

SIR Ronald Ross anakumbukwa kote ulimwenguni kwa kuthibitisha kwamba mbu ndiye huhifadhi na kueneza vimelea vya malaria. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba tabibu huyo alitumia hisabati kujibu swali lililowatatiza wengi: je, ni lazima mbu wote waangamizwe ndipo malaria iishe?

Ross alizaliwa Mei 13, 1857, mjini Almora, India, babake akiwa afisa wa jeshi. Ingawa alipenda ushairi na muziki, alisomea udaktari jijini London kutimiza matakwa ya mzazi wake, na mwaka wa 1881 akajiunga na idara ya matibabu ya India.

Mnamo Agosti 20, 1897, akiwa Secunderabad, aliona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu aliyekuwa amefyonza damu ya mgonjwa. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902.

Tuzo hiyo haikumkinga dhidi ya upinzani. Ross alihimiza madimbwi yafukiwe na viluwiluwi viuawe, lakini jaribio lililofanywa katika kambi ya jeshi ya Mian Mir, karibu na Lahore, halikufua dafu. Wapinzani wake walishikilia kwamba hiyo ni kazi bure, kwani mbu hawamaliziki.

Baada ya kuchunguza malaria nchini Mauritius mwaka wa 1907 na 1908, Ross aliwajibu kwa hesabu. Alikadiria ni mbu wangapi humuuma mgonjwa, wangapi kati yao huishi hadi vimelea vikomae, na wangapi hufaulu kumuuma mtu mwingine. Kisha akalinganisha maambukizi hayo na idadi ya wanaopona. Ilibainika kwamba idadi ya mbu ikishuka chini ya kiwango fulani, wanaopona huwazidi wanaoambukizwa na ugonjwa hufifia, hata mbu wakiwa wangalipo. Hoja hiyo aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka wa 1910 kuhusu kuzuia malaria.

Ross alifariki London mnamo Septemba 16, 1932. Katika miaka ya 1950, George Macdonald aliendeleza hesabu zake na kuonyesha kwamba kufupisha maisha ya mbu aliyekomaa hupunguza mno maambukizi.

Leo hii, hesabu za aina hiyo hazikomei kwa malaria. Watafiti wa homa ya ini aina ya B huzitumia kukadiria jinsi virusi vinavyopungua mgonjwa anapotumia dawa, na vinavyorejea anapoziacha.