Tom Mboya: Jamaa wa Rusinga Aliyebeba Kura za Nairobi Bila Kuomba Hata Moja Nyumbani

Muulize msee yeyote leo Tom Mboya alikuwa mbunge wa wapi. Kuna chansi kubwa atakuambia Mbita, ama Suba, ama tu "huko Homa Bay". Zii. Kaburi lake liko Rusinga, lakini kura zake zote zilitoka Kanairo. Na hiyo ndiyo sababu stori yake bado inauma.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, mbali kabisa na ziwa. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Awuor, walikuwa watu wa Rusinga, ila mzee alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge la mzungu. Kijana alikua akicheza na watoto wa Kikamba na Kikuyu na kushika lugha zao. Hizo lugha zilikuja kumlipa baadaye.

Alisoma Kabaa, akaenda Yala, kisha Mang'u. Karo ikakatika, masomo yakaishia hapo. Akafunzwa kazi ya afya ya umma, na mwanzoni mwa miaka ya 50 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi kama mkaguzi. Kuna siku mama mmoja wa kizungu aliingia ofisini akiwa na maziwa ya kupimwa. Akamwangalia Mboya, kisha akauliza kama hakuna mtu pale. Hakusahau hiyo kitu.

Vyama vya kisiasa vya Waafrika vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya hali ya hatari, so jamaa akapitia mlango wa vyama vya wafanyakazi. 1953, akiwa na miaka 23 pekee, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi wa Kenya. 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, na yeye ndiye aliyekaa mezani kuwatetea. Baadaye akaenda Ruskin College, Oxford, akarudi 1956 akiwa moto.

Machi 1957 ikaja ile ya kwanza: Waafrika wakaruhusiwa kuchagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria. Viti vilikuwa 8 tu nchi nzima. Na haikuwa mtu mmoja kura moja. Ukiwa na masomo, mali ama mshahara mzuri, ungeweza kupewa hadi kura tatu. Pande za nyumbani, eneo ambalo leo lina Migori, Homa Bay na Kisii, lilikuwa kiti kimoja tu cha South Nyanza, na Lawrence Oguda ndiye alikichukua.

Mboya angeweza kuenda kutafuta kura kwao. Badala yake alibaki Nairobi kupambana na Argwings-Kodhek, wakili Mluo kutoka Gem aliyekuwa na jina kubwa kwa kutetea washukiwa wa Mau Mau kortini. Haikuwa mteremko. Mboya alishinda kwa tofauti ya chini ya kura 400, akaingia bungeni akiwa na miaka 26.

Kutoka hapo alipaa. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima kule Accra. 1959 ndege ya kwanza ikabeba wanafunzi 81 hadi Marekani. Mwaka uliofuata pesa za familia ya Kennedy zikaongeza safari, na kati ya waliofaidika alikuwa Wangari Maathai.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa uchaguzi wa 1961. Mboya alikuwa tayari katibu mkuu wa KANU, ila vigogo ndani ya chama hichohicho walitaka aanguke. Jaramogi Oginga Odinga, Mluo mwenzake, alimuunga mkono Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu, kwenye kiti cha Nairobi East. Hesabu ya kabila ilisema Mboya amekwisha. Kura zilipohesabiwa, alikuwa na zaidi ya 31,000. Waiyaki hakufikisha 3,000.

Soma hizo namba tena. Wakikuyu, Wakamba, Waluhya na Waluo wa mitaa ya Eastlands walimpigia mtu aliyewapigania mishahara. Hawakuuliza babake anatoka wapi.

1963 alichukua Nairobi Central, eneo ambalo leo tunaliita Kamukunji. Akawa waziri wa sheria na katiba, kisha wa mipango ya uchumi. 1966 ni yeye aliyepanga ule mkutano wa Limuru uliomfungia Odinga njia ndani ya KANU. Odinga akatoka na kuanzisha KPU, na Nyanza ikamfuata. Mboya akabaki katikati: nyumbani wengi walimwona msaliti, na kwa serikali kuna waliomwogopa kwa sababu uzee wa Kenyatta ulikuwa unaonekana.

Jumamosi 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa kwenye Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huohuo. Siku ya misa, nje ya Holy Family, karao walirusha vitoa machozi. Ile Nyanza iliyokuwa imemkasirikia ilimlilia kama mtoto wake.

Oktoba, Kenyatta alienda Kisumu, vurugu zikazuka, watu wakapigwa risasi, na KPU ikapigwa marufuku. Uchaguzi wa Desemba ukawa wa chama kimoja. Baadaye mdogo wake, Alphonse Okuku, ndiye aliyekuja kuwa mbunge wa Mbita, kiti ambacho kakake hakuwahi kukigusa.

Leo ukivuka Mbita hadi Rusinga utapata kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi. Na kila miaka mitano bado wanasiasa wetu wanakimbia kwao kuhesabu kabila lao kwanza. Mboya alithibitisha 1961 kwamba kuna hesabu nyingine. Ilifanya kazi, na mwenye kuijua akauawa mchana peupe.