Wilbur Wright: Fundi Baiskeli Aliyeunda Ndege

Wapenzi wa lugha wanafahamu kwamba neno bodaboda lilizaliwa mpakani, Busia na Malaba, na kwamba mzazi wake ni baiskeli. Kuanzia miaka ya 1960 vijana wa huko walibeba abiria na mizigo kwenye kiti cha nyuma, wakikivuka kile kipande cha ardhi kilichotenganisha kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Hatimaye pikipiki zilikuja zikaitwaa kazi hiyo, na mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kikafunguliwa rasmi. Hata hivyo, fundi baiskeli hajatoweka. Yupo kivulini na spana yake, pampu, gundi ya tairi na kipande cha mnyororo kinachosubiri mwenye haja nacho. Makala haya yanamhusu mtu wa kazi hiyohiyo, ambaye kwa vifaa vya aina hiyohiyo aliunda ndege, akaifungasha katika masanduku, na masanduku hayo yakamponza forodhani.

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 karibu na Millville, jimbo la Indiana, Marekani. Babake, Milton, alikuwa askofu, na kazi ya kanisa ilimfanya awe msafiri wa daima. Mamake, Susan, alikuwa binti wa muunda magari ya kukokotwa na farasi, na ndiye aliyekuwa na mkono wa ufundi nyumbani. Mwaka 1878 askofu alirudi safarini na kitu cha kuchezea kilichoundwa kwa gome, mianzi na karatasi, kikazungushwa na ukanda wa mpira hadi kikaruka juu. Wilbur na mdogo wake Orville walikichezea kikavunjika, kisha wakaunda vingine.

Kijana huyu alitazamiwa kwenda Chuo Kikuu cha Yale. Katika majira ya baridi ya 1885 kuingia 1886, akicheza mpira wa magongo juu ya barafu, alipigwa gongo usoni, akapoteza meno ya mbele. Jeraha la mwili lilipona kabla ya jeraha la moyo. Alijifungia nyumbani takriban miaka mitatu akimuuguza mamake aliyekuwa na kifua kikuu, na akiisoma maktaba ya babake rafu baada ya rafu. Mama alifariki mwaka 1889. Kwa maoni yangu, miaka hiyo ambayo majirani wangeiita ya uvivu ndiyo iliyokuwa chuo kikuu chake. Shahada ya kusomea hakupata kamwe.

Ndugu hao wawili walianza na kiwanda cha uchapaji mjini Dayton, Ohio. Mwaka 1892 wakafungua duka la baiskeli, na kufikia 1896 walikuwa wakiunda baiskeli zao wenyewe. Mwaka huohuo Mjerumani Otto Lilienthal alianguka na bawa lake la kuelea angani, akafa. Kifo hicho kilimshika Wilbur. Wengi waliokuwa wakishughulikia suala la kuruka walitafuta injini yenye nguvu, wakidhani kwamba chombo cha angani sharti kitulie chenyewe kama meli bandarini. Mpanda baiskeli anajua vingine: baiskeli haitulii, bali hutulizwa na aliyeipanda. Wilbur aliwatazama ndege wakubwa wakipinda ncha za mabawa ili kujisawazisha. Siku moja mwaka 1899, akiwa dukani na sanduku tupu la mpira wa tairi mkononi, alilisokota pembe hii huku na pembe ile kule, akaona jinsi mabawa mawili yanavyoweza kupindwa pamoja. (Kiswahili, kwa kuita kiumbe na chombo kwa jina moja la ndege, kilikuwa kimekwisha kuliona jambo hilo.)

Kuanzia 1900 walisafiri hadi Kitty Hawk, ufuo wa mchanga na upepo katika jimbo la North Carolina. Hapo Wilbur alikarabati kitambaa cha mabawa kwa cherehani ya kuazima. Majaribio ya 1901 yalipowavunja moyo, walirudi Dayton wakaunda sanduku la upepo, wakapima maumbo ya mabawa takriban 200. Fundi wao, Charlie Taylor, aliunda injini ya nguvu za farasi 12 kwa muda wa wiki sita. Vipande vya mbao nyepesi, kitambaa cha melimeli na minyororo ya kuzungushia rafadha mbili vilisafirishwa kwa masanduku, vikaunganishwa ufuoni. Gia zilipokataa kukaza kwenye mihimili, waliziba kwa gundi ya tairi za baiskeli. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka sekunde 12. Adhuhuri Wilbur akaruka sekunde 59, mita 260.

Ulimwengu haukuwasadiki upesi. Mwaka 1907 ndege nyingine ilipelekwa Ufaransa, ikakaa katika bandari ya Le Havre. Juni 1908, mjini Le Mans, Wilbur aliyafungua masanduku. Mbavu za mabawa zilikuwa zimevunjika, kitambaa kimeraruka, rejeta zimepondeka, vitu vimechanganyika kama nguo za mtumba. Alimwandikia Orville barua kali, akimlaumu kwa kufungasha ovyo. Baadaye ilibainika kwamba maofisa wa forodha wa Le Havre ndio waliofungua masanduku na kurudisha vitu shaghalabaghala. Wasafirishaji wa mizigo wa Malaba hawatahitaji kuelezwa zaidi. Lakini barua ilikuwa imekwisha kwenda, na lawama imemwangukia asiye na hatia.

Akiwa hajui Kifaransa, Wilbur alianza upya katika kiwanda cha magari cha Léon Bollée. Tarehe 4 Julai bomba la maji ya moto lilipasuka likamuunguza mkono na ubavu, huku magazeti ya Paris yakimfanyia dhihaka kuwa ni mwongo. Hakujibu. Tarehe 8 Agosti 1908 alipaa mbele ya umati mdogo, akazunguka uwanja kwa muda wa chini ya dakika mbili, akatua polepole. Wajuzi waliokuja kumcheka walikiri siku hiyohiyo kwamba wao ndio waliokuwa nyuma. Mwezi uliofuata Orville alianguka akifanya maonyesho Fort Myer, Marekani; abiria wake, Luteni Selfridge, alifariki. Wilbur aliendelea, na siku ya mwisho ya mwaka huo aliruka zaidi ya saa mbili.

Miaka yake ya mwisho ilimezwa na kesi za hataza. Huenda alikuwa na haki, lakini ni masikitiko kwamba mikono ile ilishika hati za mawakili kuliko spana. Tarehe 30 Mei 1912 alifariki kwa homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka 45, bila mke wala mtoto.

Ndege ya 1903 ilibaki masandukuni. Mafuriko ya Dayton ya mwaka 1913 yaliifunika kwa tope. Mwaka 1928 Orville, akiwa amegombana na taasisi ya Smithsonian, aliipeleka London. Ilirejea Marekani na kuwekwa hadharani Washington tarehe 17 Desemba 1948. Orville alikuwa amefariki Januari mwaka huo.