Frank Hornby, Karani wa Liverpool

Mwaka huu nimeombwa niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi huchagua wafalme na wapigania uhuru, nami sina ugomvi nao. Lakini mimi nina deni la kulipa. Mliokuwa ukumbini Siku ya Sayansi mwajua ninasema nini. Ambao hamkuwepo, ngojeni niwaeleze kidogo, kisha tumwendee mwenyewe.

Mzee mmoja mstaafu wa reli aliiletea klabu ya sayansi sanduku kuukuu la treni za kuchezea zilizotoka Uingereza. Ndani mlikuwa na vichwa viwili vya treni, mabehewa kadhaa na reli za aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa imekaa juu ya bati, na katikati ilikuwa na chuma cha tatu. Aina ya pili, ya kampuni nyingine, ilikuwa na vyuma viwili tu juu ya vipande vya plastiki. Mimi nikasema moyoni, reli ni reli bwana! Nikapima kwa rula: upana ulikuwa ule ule, milimita 16 na nusu. Basi nikachukua koleo, nikalazimisha vipande vikaingiana, vingine kwa nguvu. Siku yenyewe, mbele ya wazazi na wageni, nikakipandisha kile kichwa kizito cha zamani, nikawasha stima. Weee! Kilipita kwenye bati vizuri, lakini kilipofika kwenye reli za vyuma viwili kikafa pale pale. Transfoma ikaanza kunuka, moshi mwembamba ukatoka, na watu wakacheka. Mwalimu wetu wa Fizikia alinikemea nikatamani ardhi ipasuke. Nilijua nimeiua zawadi ya mzee wa watu, naye alikuwa ameahidi kurudi muhula wa tatu.

Ndipo nikaanza kusoma. Jina lililoandikwa kwenye sanduku, Hornby, nilidhani ni la kampuni tu. Kumbe lilikuwa jina la mtu.

Frank Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 mjini Liverpool, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Frank aliacha shule akiwa na miaka 16, akaingia katika biashara ya baba yake kushika pesa na vitabu vya hesabu. Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, aliyekuwa mwalimu wa shule. Baba alipofariki mwaka 1899 biashara ile ilifungwa, na Frank akaajiriwa kuwa karani wa hesabu kwa David Elliott, mwagizaji wa nyama. Yaani huyu mtu hakusomea uhandisi hata siku moja. Mchana alikuwa akihesabu nyama za watu, jioni anakata vipande vya chuma nyumbani akiwatengenezea wanawe wa kiume vitu vya kuchezea.

Hapa ndipo penye utamu. Kila alipotaka kuwaundia watoto winchi au daraja, alilazimika kutengeneza vipande vipya, na winchi ikibomolewa vipande vyake havifai kwa daraja. Akafikiri: je, ikiwa vipande vyote vitatobolewa matundu yaliyo mbali sawasawa, nusu inchi kutoka tundu hadi tundu? Hapo kipande chochote kitaungana na kingine chochote kwa nati na skrubu. Leo winchi, kesho daraja, keshokutwa lori, na vyuma ni vile vile. Ukiongeza sanduku la pili, vipande vyake vinaoana na vya kwanza. Wazo ni dogo, lakini nani mwingine alikuwa amelifikiria?

Alikopa pesa kwa mwajiri wake ili aandikishe uvumbuzi huo, na mwaka 1901 akapewa hati ya kuumiliki. (Mwaka huo huo ndio reli yetu kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria, ingawa mambo haya mawili hayahusiani.) Elliott akawa mshirika wake na kumpa chumba kitupu karibu na ofisi. Bidhaa ile haikuuzwa haraka. Hornby alitafuta msaada kwa Profesa Hele-Shaw wa uhandisi pale Liverpool, naye akaiandikia barua ya sifa. Biashara ikaanza kutambaa.

Vipande vyenyewe alikuwa akinunua kwa viwanda vya watu wengine, na kadiri wateja walivyoongezeka viwanda hivyo vikashindwa kumtosheleza. Nami nauliza: kipande kinachotakiwa kuoana na vingine vyote kikitoka kwa huyu na yule, nani atahakikisha tundu limekaa mahali pake? Mwaka 1907 Hornby alifanya jambo la hatari kwa mtu wa miaka 44 mwenye familia. Aliacha ukarani, akaanza kutengeneza vipande yeye mwenyewe. Mwaka huo pia akaandikisha jina jipya, Meccano, na mwaka 1908 kampuni ya Meccano Limited ikaanzishwa. Elliott hakuendelea naye. Sijui alijuta namna gani baadaye, lakini ningekuwa mimi nisingelala!

Mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1914 kiwanda kikubwa kilifunguliwa barabara ya Binns, Liverpool. Mwaka 1916 likatoka gazeti la Meccano Magazine. Vita vya Kwanza vilipokwisha, Waingereza wengi hawakutaka tena treni za kuchezea kutoka Ujerumani, ambako ndiko nyingi zilikuwa zikitoka. Hornby akaiona nafasi. Mwaka 1920 akatoa treni zake za kutiwa ufunguo kama saa ya mezani, zikipita kwenye reli ya bati yenye upana wa milimita 32. Zile za kwanza ziliungwa kwa nati na skrubu, unaweza kuzifungua na kuzifunga tena, maana mzee huyu hakuweza kuliacha wazo lake. Baadaye zikaja za umeme. Mwaka 1928 akaanzisha chama cha watoto wenye treni zake, wenye beji zao kabisa, kama sisi wa Chama cha Kiswahili. Miaka ya thelathini yakafuata magari madogo ya Dinky.

Mwaka 1931 alichaguliwa mbunge wa Everton kwa chama cha Conservative. Alikaa bungeni hadi 1935, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu isiyo na utamu ya maisha yake. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936 huko Liverpool, akiwa tajiri, na mwanawe Roland akashika uongozi wa kampuni.

Sasa ile treni iliyoniaibisha, Hornby mwenyewe hakuiona. Ilitolewa mwaka 1938, miaka miwili baada ya kufa kwake, ikaitwa Hornby Dublo. Upana wa reli ulikuwa karibu nusu ya ule wa zamani. Umeme ulipita kwenye chuma cha katikati na kurudi kwa vyuma vya pembeni, kwa hiyo magurudumu ya kushoto na kulia yaliweza kuunganishwa kwa ekseli ya chuma bila madhara. Wapinzani wao, Tri-ang, walianza miaka ya hamsini na vyuma viwili tu: umeme unakuja kwa chuma kimoja na kurudi kwa kingine. Ukiweka magurudumu ya Dublo ya zamani juu ya reli kama hiyo, ekseli yenyewe inaunganisha njia mbili za umeme, na shoti inapiga papo hapo. Hiyo ndiyo siri ya moshi wangu. Upana ulikuwa sawa, rula haikusema uongo, lakini rula haipimi umeme.

Watu wa Hornby wenyewe waliingia njia ya vyuma viwili mwaka 1959, wakiwa wamechelewa. Mwaka 1964 kampuni ya mzee ikamezwa na wenye Tri-ang. Mwaka uliofuata wakaunganisha majina, na kwa kuwa reli na ndoano za pande mbili hazikuoana, wakauza kipande maalum cha kuunganishia reli, na behewa lenye ndoano ya aina moja mbele na nyingine nyuma. Hebu fikiria, jina la mtu aliyetajirika kwa vipande vinavyooana! Kiwanda cha Binns kilifungwa mwaka 1979, lakini treni zenye jina Hornby zinauzwa hadi leo. Tusiwacheke sana. Nasi tuna reli ya mkoloni yenye upana wa milimita 1,000, na ile mpya iliyoanza kubeba abiria wa Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ni milimita 1,435, na behewa la huku haliendi kule.

Nilimpelekea mwalimu maelezo haya yote pamoja na mchoro. Akafungua transfoma, akakuta fyuzi ndiyo iliyoungua. Kichwa chenyewe hakikuwa na kasoro. Muhula wa tatu mzee alikuta njia mbili mezani: ya bati kwa ndani, ya vyuma viwili kwa nje, na nafasi ya kidole kati yake. Alivua kofia, akapiga magoti, akaangalia kichwa chake cha zamani kikizunguka mara nyingi, nasi tukanyamaza.

Meza bado iko nyuma ya maabara. Ninyi wa kidato cha kwanza, mkija kutazama, tafadhali msizisogeze zile njia zikagusana.