Sista Corita Kent: Mtawa Aliyewafundisha Vijana Kutazama

Kipande cha karatasi ngumu chenye tundu dogo la pembe nne katikati: hicho ndicho kifaa ambacho wanafunzi wa Sista Corita Kent walikikumbuka kuliko vingine vyote. Wakati mwingine alitumia fremu tupu ya slaidi. Mwanafunzi alikisogeza kifaa hicho karibu na jicho moja, akafumba la pili, kisha akatazama. Yote yaliyobaki nje ya tundu yalisahaulika kwa muda. Yaliyobaki ndani yalikuwa kwanza mstari, umbo na rangi, kabla ya kuwa tena kiti, ukuta au gari.

Tumeona vema kuyasimulia maisha ya mtawa huyu kwa kuwa Mama Kanisa amewafundisha waamini kwa njia ya picha tangu enzi za makatakombe, ilhali ni mara chache tunawafundisha vijana wetu namna ya kuzisoma picha hizo.

Alizaliwa tarehe 20 Novemba 1918 huko Fort Dodge, katika jimbo la Iowa, Marekani, akabatizwa kwa jina la Frances Elizabeth. Familia yake ilihamia Los Angeles angali mtoto, na huko akasomeshwa na Masista wa Moyo Safi wa Maria. Mwaka 1936, akiwa binti wa miaka kumi na saba, alijiunga na Shirika hilo na kupewa jina la kitawa la Maria Corita. Kabla ya kuwa mwalimu wa chuo, alitumwa kufundisha watoto wadogo huko British Columbia, nchini Kanada. Tunadhani miaka ile ilikuwa na uzito mkubwa katika malezi yake, maana mtoto mdogo hutazama kitu kwa muda mrefu bila kuona haya, na Corita hakuacha kamwe kuwataka wanafunzi wake wakubwa waurudie uwezo huo.

Mwaka 1947 alianza kufundisha katika Chuo cha Immaculate Heart kilichokuwa chini ya Shirika lake, katika idara iliyoongozwa na Sista Magdalen Mary. Mwaka 1951 alipata shahada ya uzamili katika historia ya sanaa. Wakati huohuo alijifunza uchapaji wa picha kwa hariri kutoka kwa Maria Sodi de Ramos Martínez, mjane wa mchoraji mashuhuri wa Meksiko. Kazi hiyo huhitaji subira: kitambaa chepesi huvutwa juu ya fremu, sehemu zisizotakiwa huzibwa, kisha wino husukumwa kwa kipande cha mpira upenye hadi kwenye karatasi. Kila rangi hupigwa peke yake. Anayefanya kazi hii hulazimika kuitenganisha picha katika sehemu zake na kujua kila rangi inafanya nini mahali ilipo. Tena njia hiyo hutoa nakala nyingi kwa bei nafuu, jambo lililompendeza mtawa aliyetaka sanaa ifike hata katika nyumba za watu wa kawaida.

Wengi wa wanafunzi wake walikuwa wasichana waliotoka tu shule ya sekondari. Darasa lake halikuanza na makumbusho ya sanaa. Aliwatoa nje, akawapeleka kwenye kituo cha mafuta au katika supamaketi ya jirani, kila mmoja na kidirisha chake, wakae na kutazama mabango, maboksi ya nafaka na herufi zilizopinda juu ya karatasi za vifungashio. Hakuwaruhusu waseme upesi kwamba kitu ni kizuri au kibaya. Kwanza waorodheshe walichokiona: mstari huu unaelekea wapi, rangi hii ingekuwa na nguvu ileile kama isingekaa kando ya ile, kwa nini nafasi tupu imeachwa hapa na si pale. Aliwapa mazoezi kwa wingi wa kutisha, akiamini kwamba wazo la kwanza na la kumi kwa kawaida ni mazoea tu, na kwamba jicho huanza kuona kweli linapokuwa limechoka kubahatisha. Katika kanuni alizoziandika kwa ajili ya idara yake alitenga kabisa kazi ya kuumba na kazi ya kuchambua, akionya kwamba mtu asijaribu kuzifanya zote mbili kwa wakati mmoja.

Sisi tuliopita seminarini tulifundishwa kulichambua andiko neno kwa neno, nasi tunashukuru. Picha tuliachiwa tuifahamu wenyewe. Ndiyo maana katekista anaweza kuwapitisha vijana wa Kipaimara mbele ya Njia ya Msalaba Kwaresima nzima, na mwishoni asipatikane hata mmoja awezaye kusema mwanga unatoka upande gani katika kituo cha sita, au kwa nini mchoraji ameuinamisha mstari wa msalaba zaidi kila Bwana anapoanguka. Si kwamba vijana hawana imani. Hawajawahi kuulizwa.

Kazi zake Corita zilizaliwa katika mitaa ileile aliyowapeleka wanafunzi. Katika picha aliyoichapa mwaka 1962, miduara ya nyekundu, buluu na manjano inamkumbusha kila Mmarekani karatasi ya kufungia mkate maarufu wa dukani. Lakini anayetulia na kuitazama hatakosa kuona katika duara la mkate umbo la Hostia. Ekaristi na mkate wa kila siku vimewekwa karibu kiasi kwamba jicho linashindwa kuvitenga. Kwa ajili ya banda la Vatikano katika maonesho ya dunia huko New York mwaka 1964, alitengeneza bango kubwa kuhusu Heri za Mlimani. Mwaka huo huo alishika uongozi wa idara, na siku ya Maria chuoni, iliyokuwa maandamano ya kimya, ikageuka sherehe ya mabendera, maua na nyimbo.

Hiyo ilikuwa miaka ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na wengi waliifurahia furaha hiyo. Kardinali James Francis McIntyre, Askofu Mkuu wa Los Angeles, hakuifurahia. Picha iliyomlinganisha Bikira Maria na nyanya iliyoiva, kwa maneno ya tangazo la biashara, ilimwudhi. Tusimhukumu kwa haraka: alikuwa mchungaji mwenye dhamana ya waamini wengi, na heshima kwa Mama wa Mungu si jambo dogo. Alipostaafu mwaka 1970 alikwenda kuhudumu parokiani kama padre wa kawaida. Hata hivyo tunaona kwamba swali alilopaswa kuuliza mbele ya picha ile ni lile la darasani mwa Corita, yaani nini hasa kimewekwa hapa, na kwa nini.

Mwaka 1968, akiwa amechoka kwa kazi na kwa mvutano, Corita aliomba kuondoka Shirikani, akahamia Boston. Miaka miwili baadaye, kufuatia mgogoro kati ya Shirika na Jimbo Kuu kuhusu mageuzi ya maisha ya kitawa, zaidi ya masista 300 nao waliacha nadhiri na kuunda jumuiya ya walei. Ni jeraha ambalo Kanisa la Los Angeles lililibeba kwa miaka mingi, nasi hatuwezi kulisimulia kama ushindi wa upande wowote.

Huko Boston aliishi kwa utulivu zaidi. Mwaka 1971 alibuni upinde wa mvua uliochorwa juu ya tangi kubwa la gesi pwani ya Dorchester. Madereva wengi walioupita kila asubuhi hawakujua jina la mchoraji. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 alipambana na saratani. Mwaka 1985 Posta ya Marekani ilitoa stempu yake ndogo yenye mistari michache ya rangi na neno moja linalomaanisha upendo, nayo ikauzwa kwa mamia ya mamilioni. Alitamani izinduliwe katika Umoja wa Mataifa. Ilipozinduliwa mahali pa kurekodia mchezo wa televisheni, hakuhudhuria.

Alifariki dunia tarehe 18 Septemba 1986 huko Watertown, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 67. Haki za kazi zake, pamoja na picha alizokuwa bado anazo, aliwaachia wale aliokuwa ameagana nao miaka kumi na minane kabla, yaani jumuiya iliyoundwa na masista wenzake wa zamani.