Byron Kawadwa na Mchezo wa Wengi

Kila vijana wa Temeke na Kinondoni wakusanyikapo jioni kutunga mchezo wao wenyewe, twapenda wamkumbuke ndugu yao wa Uganda, marehemu Byron Kawadwa.

Kawadwa alizaliwa mwaka 1940. Aliunda kikundi cha Kampala City Players, akatunga michezo kwa Kiluganda, lugha ya watu wake. Wala hakutunga peke yake. Nyimbo za mchezo wake mashuhuri, Oluyimba lwa Wankoko, zilitungwa na mwenzake Wassanyi Serukenya, na waigizaji wakaupa uhai jukwaani. Mchezo huo ulifichua tamaa ya utawala.

Mwaka 1977 waliupeleka Lagos, kwenye tamasha kuu la sanaa za watu weusi. Waliporejea, watu wa Idi Amin walimkamata Kawadwa, wakamwua.

Dhalimu alimwua mtunzi mmoja. Mchezo uliokwisha kukaa vinywani mwa wengi hakuuweza. Kwa hiyo, ndugu wanachama na wafanyakazi, tusiwaite wahuni vijana wanaoigiza mitaani mwetu. Twende tukawatazame, tuwakosoe kwa haki, na tuwape nafasi ya kufanyia mazoezi.