Shaaban Robert, Karani wa Forodha

Ninyi mkaao Tunduma mwaijua kazi ya forodha. Mwayaona malori yamejipanga njiani kungoja kuvuka mpaka kwenda Zambia, na makarani wakitazama mizigo, wakisoma hati na kuhesabu ushuru. Kazi ya namna hiyo aliifanya mtu ambaye leo watu wengi humhesabu kuwa mkuu wa waandishi wa hadithi za Kiswahili. Jina lake Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, upande wa Tanga. Zamani hizo nchi ilikuwa mikononi mwa Wadachi, yaani Wajerumani. Naye alipokuwa mkubwa wa kutosha kwenda shule ya mbali, Waingereza walikuwa wamekwisha kuishika. Ukoo wake ulitoka kwa Wayao, lakini mwenyewe alijiita Mswahili. Dini yake ilikuwa Uislamu. Mwaka 1922 alikwenda Dar es Salaam kusoma, akakaa huko hata 1926, akapata cheti. Wenye cheti walikuwa wachache sana siku zile, na serikali ilimchukua mara kuwa karani wa forodha.

Kazi hiyo aliifanya miaka 18, na baadhi ya miaka hiyo alikaa Pangani, mahali mto uingiapo baharini. Mchana kalamu yake ilikuwa ya serikali. Saa zilizobaki ilikuwa yake mwenyewe.

Yafaa mjue hali ya vitabu ilivyokuwa. Mashairi na tenzi Waswahili walikuwa nazo tangu karne nyingi, lakini hadithi ndefu zisizo za shairi zilikuwa haba. Watoto wa shule walisoma Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi nzuri, ila zilitungwa na Wazungu kwa Kiingereza, kisha zikafasiriwa. Mwaka 1934 James Mbotela wa Kenya alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa. Shaaban Robert alikuja baada yake, naye akashika njia nyingine: alihadithia nchi zisizokuwamo katika ramani yoyote.

Mojawapo ni Kusadikika, na kitabu chenye jina hilo kilipigwa chapa mwaka 1951. Nchi hiyo yaelea angani, wala haigusi ardhi. Humo alikuwamo kijana Karama, ambaye kosa lake lilikuwa kuwafundisha watu mambo ya sheria. Waziri Majivuno akamshitaki mbele ya mfalme, na hukumu iliyotazamiwa ilikuwa ya kifo. Basi Karama aliposimama kujitetea hakulia wala hakuomba msamaha, na juu ya nafsi yake alisema machache. Siku sita aliwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani: mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mbinguni, na mmoja chini ya ardhi. Kila mmoja alikwenda kwa taabu kutafuta mambo mema ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi nayo. Na kila mmoja, badala ya shukrani, alitiwa gerezani. Mfalme alisikiliza mpaka mwisho, na Karama akaokoka.

Kumbukeni kwamba aliyeandika hayo alikuwa mtumishi wa serikali ya wageni. Karani hakuweza kumwambia bwana wake uso kwa uso kwamba watawala huwafunga wawatakiao heri. Lakini nani angemshitaki kwa habari za nchi iliyo angani?

Mwaka 1952 kilitoka kitabu cha Adili na Nduguze, na mimi hukipenda kuliko Kusadikika, kwa kuwa kina mambo ya ajabu zaidi. Adili, mtu mpole, alilazimishwa kuwapiga manyani wawili kila usiku, huku moyo wake ukimuuma, maana manyani hao walikuwa ndugu zake waliomtenda mabaya, wakageuzwa na jini. Namna walivyorudishiwa umbo lao someni wenyewe.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Mkewe Amina alikufa akiwa bado kijana, akamwachia watoto, na huzuni hiyo ameieleza katika kitabu cha Maisha Yangu. Binti yake alimtungia utenzi wa mausia, unaosomwa hata leo. Mwaka 1944 aliacha forodha akahamia idara ya wanyama. Tangu 1946 alikuwa Tanga katika ofisi ya wilaya, kisha tangu 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Alipewa tuzo ya Margaret Wrong, na Waingereza wakamvika nishani ya M.B.E.

Uhuru wa Tanganyika aliuona tarehe 9 Desemba 1961, lakini hakuufaidi sana. Alikufa Juni 1962, mwenye umri wa miaka 53. Miswada yake mingine ilikuwa ingali haijawa vitabu. Kufikirika kilitoka 1967. Utubora Mkulima, habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima shamba, kilitoka 1968, miaka sita baada ya karani huyo kuzikwa.