Siti binti Saad na Elimu ya Sikio

Wanachuo hupenda kuuliza jinsi somo la muziki liwezavyo kufundishwa katika shule isiyokuwa na kinanda wala mwalimu ajuaye kusoma noti. Sehemu ya jibu imo katika maisha ya mwimbaji ambaye jina lake twalijua kuliko habari zake.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Unyamwezi na mama yake wa asili ya Uzigua, watu maskini wa ukoo uliopitia utumwani, na mtoto wao akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alipewa mjini baadaye. Utumwa ulifutwa Unguja kwa sheria mwaka 1897, lakini sheria hiyo haikufuta umaskini. Kazi ya nyumba yao ilikuwa ufinyanzi. Siti alijitwika vyungu akaenda kuvitembeza kwa miguu, akivinadi kwa kuimba, hata wanunuzi wakawa wanaisikia sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Kutoa sauti ifikayo mbali pasipo kuikwaruza, tena chini ya mzigo, ni mazoezi makubwa. Wako walimu wa kuimba wanaolipwa fedha nyingi kufundisha jambo hilo hilo.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Wakati huo taarab ilikuwa muziki wa jumba la mfalme na wa vyama vya waungwana. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuleta muziki huo kutoka Misri, na chama cha Ikhwani Safaa kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1905. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Mwanamuziki mmoja wa mjini aliisikia sauti ya Siti akakubali kumfundisha.

Hebu na tuitazame kazi aliyokabili mwalimu huyo. Mwanafunzi wake alikuwa mtu mzima wa miaka kama 30, hajui kusoma wala kuandika, na nyimbo zenyewe zilikuwa za lugha asiyoizungumza nyumbani. Ubao usingemsaidia kitu. Njia iliyobaki ilikuwa kusikiliza, kurudia, kusahihishwa, na kurudia tena, mpaka matamshi, mahadhi na pumzi vimekaa mahali pake. Kwa njia hiyo Siti alijifunza nyimbo za Kiarabu akaziimba mbele ya wenye lugha yao, nao wakamtaka arudi.

Hali hiyo si ngeni kwetu huku Tlawi. Watoto wengi wanaoingia Darasa la Kwanza katika shule za Mbulu na Hanang huja na Kiiraqw au Kidatooga kutoka nyumbani, na wimbo wa Kiswahili kwao ni kama wimbo wa Kiarabu ulivyokuwa kwa Siti. Hata hivyo, katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu mwanachuo huanza kwa kuandika beti zote ubaoni. Mtoto hapo huacha kusikiliza, akapambana na herufi, na wimbo ukageuka kuwa somo la kusoma. Afadhali mwalimu aimbe kwanza wimbo mzima, kisha mstari mmoja mmoja, darasa likimfuata. Maneno yaandikwe yakisha kukaa vinywani. Wala njia hii si ya wasiojua noti peke yao. Huko Ulaya, Franz Liszt na Clara Schumann, wapiga piano mashuhuri wa karne ya 19, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzoea kupiga mbele ya hadhira bila karatasi ya noti, wakitegemea kumbukumbu.

Siti hakukaa katika Kiarabu tu. Pamoja na wenzake, Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku na Maalim Shaabani, aliitia taarab Kiswahili, na watu wa Ng'ambo ambao walikuwa hawana nafasi katika muziki wa waungwana wakajikuta ndani yake. Nyimbo zao zilibeba habari za mji kwa watu wasiosoma magazeti. Wimbo wa Kijiti wasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mshitakiwa alitorokea bara, na wanawake waliomkaribisha mgeni huyo ndio walioadhibiwa. Kwa maoni yangu huo ndio wimbo wake mkubwa kupita wote, kwa kuwa aliitia kesi kinywani mwa watu ambao mahakama haikuwasikiliza.

Walikuwapo waliomcheka kwa sura yake na kwa asili yake. Aliwajibu kwa wimbo uliotanguliza akili na tabia mbele ya uzuri wa uso.

Mwaka 1928 kundi lilisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu katika Afrika Mashariki, na msichana wa vyungu vya Fumba akasikika Mombasa na Dar es Salaam akiwa mwenyewe yuko Unguja. Alipokuwa mzee, Shaaban Robert alikwenda kumsikiliza akisimulia maisha yake, akayaandika katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Mwaka 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kiliupa mojawapo ya majarida yake jina la Sauti ya Siti. Nyimbo zake zenyewe ziliendelea kuimbwa na Bi Kidude, ambaye naye alizipata kwa sikio, mpaka alipofariki mwaka 2013.